Kuchora na kurekebisha michakato ya kazi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na taasisi za Kigoma

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wanaosimamia kazi za kila siku katika vyama vya ushirika, vyama vya akiba na mikopo (SACCOS), zahanati, maghala na biashara za mkoa wa Kigoma, kuanzia Kibirizi na Ujiji hadi Kasulu na Kakonko. Msimamo wetu ni mmoja, na majibu yote yanaufuata: muda mwingi haupotei mikononi mwa mfanyakazi. Unapotea kazi ikiwa imelala kati ya meza moja na nyingine, na mahali hapo hapaonekani mpaka pachorwe. Takwimu za dakika na siku zilizomo ni za mfano, weka zako.

Ramani ya mchakato ni nini, na inatofautianaje na muundo wa taasisi?

Muundo wa taasisi unaonyesha nani yuko chini ya nani. Ramani ya mchakato haijali vyeo. Inafuata kitu kimoja, liwe ombi la mkopo, gunia la dagaa au mgonjwa aliyefika mapokezi, tangu kinapoanza safari hadi mwenye haja anapopata alichokuja kukitafuta. Kazi hii ina zaidi ya miaka 100: mwaka 1921 Frank na Lillian Gilbreth waliwasilisha kwa chama cha wahandisi wa mitambo cha Marekani chati za kufuata kazi hatua kwa hatua, na alama tunazotumia leo zimekua kutoka huko.

Kabla ya kuchora chochote, andika mambo matano kwenye karatasi moja: kinachoanzisha mchakato, vinavyoingia, hatua kuu zisizozidi saba, kinachotoka, na anayekipokea. Mkishindwa kukubaliana juu ya hayo matano, bado hamjajua mnachora nini. Ni afadhali mlijue hilo mapema kuliko saa tatu baadaye mkiwa mmejaza ukuta.

Sisi ni watu sita tu. Kuna haja kweli?

Ipo, ila michoro miwili inawatosha. Kwenye taasisi ndogo tatizo kubwa ni kwamba mchakato mzima umo kichwani mwa mtu mmoja. Mhasibu akienda msibani Kibondo kwa wiki moja, malipo yanasimama kwa sababu hakuna mwingine anayejua vocha inaanzia wapi. Chora kwanza kazi ambazo mtu mmoja ndiye pekee anayezijua.

Tuanze na mchakato upi?

Anza na ule unaojirudia mara nyingi na unaolalamikiwa. Kazi inayofanyika mara kumi kwa wiki itakuonyesha matokeo ndani ya mwezi. Bajeti ya mwaka ni muhimu, lakini ukiirekebisha leo utangoja mwaka mzima kujua kama umepatia. Malalamiko yanapatikana kwa karani wa mapokezi na kwenye simu ya ofisi: muulize ni swali gani anajibu kila siku. Kama ni "lile ombi langu limefikia wapi?", umeshapata pa kuanzia.

Kisha weka mipaka. "Huduma kwa wanachama" haiwezi kuchorwa, haina mwanzo wala mwisho. "Kuanzia mwanachama anapochukua fomu ya mkopo hadi pesa inapoingia kwenye akaunti au simu yake" inachorwa.

Nani awepo wakati wa kuchora?

Wanaofanya kazi yenyewe: karani, mtunza stoo, mpima mizani, keshia, dereva ikibidi. Watu watano hadi wanane, na mmoja wa kuongoza kikao ambaye hana hatua yake ndani ya mchakato huo. Mkuu wa taasisi afungue kikao, aseme lengo, kisha atoke. Hilo ni la lazima. Akibaki, watu wataeleza kazi kama ilivyoandikwa kwenye mwongozo, na mtapata ramani safi ya kitu kisichokuwepo. Atarudi mwishoni kuiona.

Namna ya kuuliza ina uzito. Ukimuuliza mzee aliyekaa masijala miaka mingi "utaratibu wenu ukoje?", atakutajia utaratibu. Muulize hivi: "Shikamoo mzee. Naomba unionyeshe faili la mwisho ulilopokea. Lilikujaje, ukalifanyia nini, ukampa nani?" Hapo atakueleza kilichotokea. Kwa dada wa mapokezi: "Dada, fomu ikija haina picha ya mdhamini, huwa mnafanyaje?" Majibu ya "huwa tunafanyaje" ndiyo ramani.

Tunahitaji vifaa au programu gani?

Karatasi za manila tatu zilizounganishwa kwa selotepu, karatasi ndogo za kunata za rangi mbili, kalamu za wino mzito, ukuta wenye nafasi ya mita mbili, na simu ya kupigia picha kila hatua ya mchoro. Karatasi za kunata zikikosekana, kata karatasi nyeupe vipande vya ukubwa wa kiganja na ubandike kwa gundi ya kutoka kirahisi.

Programu ya kuchorea ije mwishoni, mtakaposafisha mchoro ambao watu wameshakubaliana. Ukianza na kompyuta, anayeshika kipanya ndiye anayechora na wengine wanatazama.

Tunachora vipi, hatua kwa hatua?

Siku mbili au tatu kabla ya kikao, toa masijala mafaili kumi yaliyokwisha kushughulikiwa, usichague mazuri. Kwa kila faili andika tarehe zote zilizomo: ya kupokelewa, ya kila saini, ya vocha, ya malipo. Mihuri hiyo ni ushahidi usiobishaniwa. Watu wakisema "huwa inachukua siku tatu" na mafaili yakaonyesha kumi na moja, utakuwa na cha kuzungumzia bila kumshutumu mtu.

Kikaoni, gawa manila kwa mistari ya mlalo, kila safu iwe ya mhusika mmoja: mwanachama, karani, ofisa mikopo, kamati, mhasibu. Andika nafasi ya kazi, si jina la mtu. Jina linageuza mchoro kuwa mashtaka. Mwanachama au mteja awe safu ya juu kabisa, kwa kuwa safu hiyo ndiyo husahaulika.

Bandika mwanzo upande wa kushoto na mwisho upande wa kulia kabla ya chochote kati yake. Halafu kila mtu aandike hatua zake mwenyewe, hatua moja kwa karatasi moja, ikianza na kitenzi: "kupima mzigo", "kulinganisha ankara na hati ya kupokelea", "kupiga simu kwa mdhamini". Neno kama "uhakiki" peke yake halitoshi, kwa sababu halisemi anayehakiki anatazama nini. Pangeni karatasi kwa mfuatano wa muda, kisha chora mishale.

Mkishamaliza, fanyeni jambo ambalo wengi huliruka: chukueni faili moja halisi mlipitishe kwenye mchoro kwa kidole, tarehe kwa tarehe. Karibu kila mara litakwama mahali. Kutakuwa na hatua ambayo hakuna aliyeitaja, kwa mfano karani kutembea hadi duka la kutolea nakala kwa sababu mashine ya ofisi ni mbovu. Iongezeni. Kisha kesho yake mmoja wenu aende akasimame pale kazi inapofanyika, asubuhi nzima, akiwa na mchoro mkononi.

Kikao kimoja kisizidi saa tatu. Baada ya hapo watu huanza kukubali chochote ili waondoke.

Alama zipi ni za lazima?

Nne. Duara lililorefushwa kwa mwanzo na mwisho, mstatili kwa hatua, umbo la almasi kwa uamuzi, mshale kwa mwelekeo. Sisi tunaongeza ya tano ambayo tunaiona muhimu kuliko zote: pembetatu kwa mahali kazi inapolala ikisubiri. Alama rasmi za BPMN, mfumo wa kimataifa wa kuchora michakato, ni nyingi zaidi na zina manufaa mkiwa mnawapa wataalamu wa mifumo kazi ya kutengeneza programu. Kwa kikao cha watu wa stoo na mapokezi, zinawatisha bure.

Almasi iwe na swali lenye majibu ya ndiyo au hapana, na kila jibu liwe na mshale wake. Kosa la kila siku ni kuchora mshale wa "ndiyo" na kuusahau wa "hapana". Dagaa wakiwa hawajakauka, wanarudi kwenye chanja, wanauzwa kwa bei ya chini au wanatupwa? Nani anaamua? Na "wamekauka" ni wapi? Kama mmoja anapima kwa kumvunja dagaa aone kama anakatika na mwingine anapima kwa macho, hiyo almasi haijajibiwa.

Hatua iwe ndogo kiasi gani?

Badilisha hatua pale kazi inapobadilisha mikono, mahali au umbo. Karani akijaza mistari kumi kwenye fomu moja akiwa ameketi, hiyo ni hatua moja. Ramani yenye hatua 15 hadi 30 inasomeka. Ikifika 60, gawa mchakato uwe miwili.

Tunapimaje muda?

Kwa kila hatua andika namba mbili, na usizichanganye: dakika ambazo mtu anaifanyia kazi, na muda ambao kazi ilisubiri kabla hajaishika. Chukulia SACCOS ambayo mafaili yake yanaonyesha hivi:

Kuchukua fomu na maelekezo: kazi dakika 10, kusubiri hakuna.
Kujaza na kutafuta saini za wadhamini wawili: kazi dakika 30, siku 4 za kusubiri.
Karani kukagua viambatisho: dakika 15, siku 1.
Ofisa mikopo kuangalia akiba na deni la nyuma: dakika 40, siku 3.
Kamati ya mikopo kujadili: dakika 10 kwa ombi, siku 7 kwa wastani, kwa kuwa inakaa mara moja kila wiki mbili.
Mhasibu kuandaa vocha: dakika 20, siku 1.
Saini mbili za malipo: dakika 5, siku 2.
Kulipa: dakika 10, siku hiyo hiyo.

Jumla ya kazi ni saa 2 na dakika 20. Jumla ya kusubiri ni siku 18. Sasa mtu akisema dawa ni kumnunulia ofisa mikopo kompyuta yenye kasi, hesabu inajibu: hata dakika zake 40 zikawa 20, mwanachama hatahisi tofauti. Kamati ikikaa kila wiki, wastani wa kuisubiri unashuka kutoka siku 7 hadi siku 3 na nusu, na hakuna shilingi iliyotumika kwenye mashine. Siku 4 za wadhamini nazo zinaweza kupungua mwanachama akiambiwa mapema, kwa ujumbe wa simu, kwamba anahitaji wadhamini wawili wenye akiba isiyo na deni, badala ya kuligundua hilo dirishani.

Kamati yenyewe msiifute ili kuokoa muda. SACCOS zinaendeshwa chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 na kanuni zake za 2019, pamoja na masharti ya chama chenu. Kinachobadilika ni mara ngapi inakaa na namna maombi yanavyoandaliwa kabla ya kuifikia.

Kusubiri kuna hasara gani nyingine zaidi ya muda?

Kwenye bidhaa inayoharibika, kusubiri ni ubora unaoondoka. Mawese ni funzo zuri. Chikichi ikishaiva na kuchubuka, vimeng'enya vilivyomo ndani yake huanza kuyavunja mafuta, na asidi huru inapanda kila siku inayopita. Kuchemsha ndiko kunakovizima. Kwa hiyo mikungu iliyorundikwa siku nyingi ikingoja zamu ya mashine inatoa mafuta makali, yenye bei ya chini, hata kama mkamuaji ni hodari kiasi gani.

Ukiichora kazi hiyo utaona kwamba pembetatu kubwa iko kabla ya sufuria. Pengine hamwezi kuongeza mashine. Mnachoweza ni kuwapa wakulima zamu, ili kila mmoja avune akijua siku yake ya kuchemsha. Foleni imebaki ileile, lakini sasa chikichi inasubiri ikiwa bado mtini.

Mbona mafaili yanarundikana ilhali mhusika hapumziki?

Kuna kanuni iliyothibitishwa na John Little mwaka 1961: idadi ya kazi zilizomo ndani ni sawa na kasi ya kuingia kwake mara muda ambao kila moja inakaa. Mezani kuna mafaili 60 na yanatoka 4 kwa siku? Faili linaloingia leo litatoka baada ya siku 15 za kazi. Hapo hakuna uvivu, ni hesabu.

Mtu aliyejazwa kazi asilimia 100 ya siku yake hawezi kamwe kuumaliza mrundikano, maana kazi haiji sawasawa. Jumatatu yanakuja mafaili 9 na Alhamisi 2. Mwachie nafasi. Asilimia 80 ni lengo la busara kwa anayeshika hatua inayobana kuliko zote. Na tafuteni hatua hiyo kabla ya kuajiri: ukiongeza karani ilhali panapobana ni kwa mhasibu, utakuwa umeharakisha safari ya kwenda kwenye foleni ileile.

Kazi nyingi zinarudishwa nyuma kurekebishwa. Tunalionyeshaje hilo?

Chora mshale mwekundu unaorudi, uandike juu yake ni mara ngapi kwa kila kazi kumi. Madhara yake ni makubwa kuliko yanavyoonekana. Mchakato wenye hatua tano, kila moja ikipatia mara 9 kati ya 10, unapitisha kazi 59 tu kati ya 100 bila kurudishwa popote. Kila meza inajiona iko vizuri, na mteja anaona vurugu.

Tafuta kosa linapozaliwa, maana linapogunduliwa ni mbali na hapo. Fomu inayorudishwa na mhasibu kwa sababu namba ya akaunti imekosewa ilikosewa dirishani siku ya kwanza. Dawa ni karani kuisoma namba hiyo kwa sauti mwanachama akiwa bado amesimama pale. Kuweka mkaguzi mwingine kabla ya mhasibu ni kuongeza pembetatu nyingine.

Mizani na vipimo vina kosa la aina yake. Kama mnanunua dagaa mwaloni kwa beseni na kuuza kwa kilo, lazima pawepo hatua ya kupima uzani pale mzigo unapopokelewa, na tena baada ya kukauka. Bila hizo mbili hamwezi kujua kama upungufu ulitoka kwenye beseni, kwenye kukauka, au stoo. Watu wa stoo hulaumiwa miaka na miaka kwa kilo ambazo hazikuwahi kuwepo.

Kazi yetu inabadilika kulingana na msimu. Tuchore ipi?

Chora siku ya kawaida, kisha rudia mchoro uleule kwa siku mbaya. Kigoma siku mbaya zinajulikana. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, hivyo mbalamwezi ikiwa kali mzigo unapungua, na giza likirudi unafurika kwa pamoja. Masika chanja hazikaushi kwa siku moja, na mzigo wa jana unakutana na wa leo. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisitishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Kwa mnunuzi wa dagaa hiyo ni miezi mitatu ambayo mchakato mzima wa kununua unalala huku kodi ya ghala na mishahara vikiendelea.

Kwa hiyo uliza maswali matatu juu ya kila hatua: mzigo ukija mara mbili, ni ipi inazidiwa kwanza? Mvua ikinyesha, nani anaamua kufunika na turubai liko wapi? Mzigo usipokuja kabisa, watu wa hatua hii wanafanya nini? Kipindi cha kusitishwa uvuvi ni wakati mzuri wa kukarabati chanja, kuhesabu stoo yote na kufanya kazi hii ya kuchora.

Wafanyakazi wanahofia kwamba ramani inatafuta wa kupunguzwa. Tuwaambie nini?

Waambieni ukweli kabla ya kikao cha kwanza, na muuandike. Kama uongozi umeamua kwamba hakuna atakayeachishwa kutokana na zoezi hili, useme hivyo kwa maandishi. Kama haujaamua, usiahidi. Mtu akigundua baadaye kwamba alichora mchoro uliomfukuzisha jirani yake, hamtapata neno la kweli tena kwenye kikao chochote.

Jingine ni kuwatanguliza waliopendekeza. Wazo la mtunza stoo likikubaliwa, yeye ndiye alieleze mbele ya wenzake.

Saini zimezidi. Zipi tuondoe?

Hapa ndipo kazi nzima huharibika, ama kwa woga ama kwa haraka. Ichukue kila saini na uiulize maswali matatu. Anayesaini anakagua nini hasa? Ana karatasi gani mbele yake ya kulinganishia? Katika mafaili kumi mliyoyatoa, amewahi kukataa au kurekebisha lolote? Saini isiyo na jibu kwa yote matatu haimlindi mtu, inachelewesha tu. Na ina hatari zaidi: kila mmoja wa watu watano anaamini wanne wengine wamekagua.

Zipo zisizoguswa. Anayeagiza bidhaa, anayeipokea na anayeilipia wasiwe mtu mmoja. Kabla ya vocha kuandaliwa, mhasibu aweke pamoja hati ya kuagizia, hati ya kupokelea mzigo iliyosainiwa na mtunza stoo, na ankara, kisha alinganishe idadi na bei mstari kwa mstari. Risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, iambatane na malipo. Kama mko watatu tu na haiwezekani kutenganisha kazi hizo, mwenye mali au mwenyekiti alinganishe mwenyewe taarifa ya benki na leja kila mwisho wa mwezi.

Saini zilizotajwa na mkataba wa benki, masharti ya chama au kanuni zinabaki hadi zibadilishwe kwa njia yake, kwa vyama hasa mkutano mkuu na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Mkaguzi wa COASCO, shirika linalokagua vyama vya ushirika, atauliza, na jibu la "tuliona zinachelewesha" halitamtosha.

Sisi ni taasisi ya umma. Manunuzi yanapitia NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma. Tuna cha kurekebisha?

Hatua zilizowekwa na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 hamzipangi ninyi. Lakini pimeni siku zinazopita kabla ombi halijaingizwa kwenye mfumo: idara kuandika mahitaji, kurudishiwa kwa kuwa vipimo vya bidhaa havieleweki, kuthibitisha kwamba fedha ipo. Hizo ni zenu.

Si tununue tu mfumo wa kompyuta umalize yote?

Mfumo unafanya kwa kasi kile mlichoupa. Mkiingiza mchakato wenye saini saba, mtakuwa na vibonyezo saba. Rekebisheni kwanza kwa karatasi, uendesheni mwezi mmoja au miwili, ndipo mpeleke mchoro huo kwa muuzaji kama mahitaji yenu. Bei anayowapa itakuwa na maana, kwa sababu anajua anachotengeneza.

Mchoro uonyeshe pia umeme au mtandao ukikatika kazi inaendeleaje: kitabu gani kinaandikwa, nani anaingiza taarifa vikirudi, na kabla ya saa ngapi. Njia hiyo isipochorwa, watu wataibuni, kila mmoja ya kwake, na risiti zitakuwa na namba zinazogongana.

Tutajuaje kwamba mabadiliko yamesaidia?

Pima kabla. Mafaili 21 ya kabla ya mabadiliko na 21 ya baada yanatosha kuanzia. Vipimo vitatu: siku kutoka mwanzo hadi mwisho, kazi ngapi zimepita bila kurudishwa, na mafaili mangapi yamo ndani kila Ijumaa jioni. Kwa siku, tumia thamani ya katikati badala ya wastani: panga mafaili 21 kutoka la haraka hadi la kuchelewa, soma la 11. Faili moja lililokaa miezi mitatu kwa kesi ya urithi linaupotosha wastani wote.

Ongeza kipimo kimoja cha kulinda. Mikopo ikitoka haraka, angalia kama marejesho yanachelewa. Malipo yakiharakishwa, angalia vocha zisizo na viambatisho. Na badilisha jambo moja kwa wakati. Ukibadilisha manne pamoja hutajua lipi lilisaidia na lipi liliharibu.

Zoezi zima linachukua muda gani?

Kwa mchakato mmoja wa kati: siku mbili za mafaili, vikao viwili vya saa tatu, asubuhi moja ya kutazama, wiki moja ya kukubaliana mabadiliko, na wiki nne hadi nane za kujaribu. Gharama kubwa ni muda wa watu.

Tunaweza kubandika ramani na mafaili ya mfano ukutani?

Ramani ndiyo. Mafaili hapana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu: funika majina, namba za simu, za NIDA na kiasi cha deni kabla ya kutoa nakala kwa kikao, na picha za simu zilizopigwa kikaoni zisiishie kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

Ramani ihuishwe lini, na nani aitunze?

Mpeni mtu mmoja kila ramani, ikiwezekana yule ambaye mchakato ukikwama yeye ndiye anayepigiwa simu. Aipitie kila baada ya miezi sita, na mara moja fomu, bei, sheria au mfumo unapobadilika. Chini ya kila ramani pawe na tarehe, namba ya toleo na nafasi ya mtunzaji. Mfanyakazi mpya apewe ramani hiyo siku ya kwanza na aambiwe aandike kila mahali anapoona kazi inatofautiana nayo. Jicho lake bado halijazoea, na orodha yake ya wiki mbili za mwanzo ina faida kubwa.

Toleo la zamani lisitupwe. Liandikwe "limefutwa" pamoja na tarehe, liwekwe kwenye faili lake, kwa sababu mkaguzi anayepitia malipo ya mwaka juzi ana haki ya kujua yalifuata utaratibu upi.